Baiskeli Moja, Vifuniko Viwili

Vijana wangu mnaoketi sasa kwenye meza niliyoketi mimi, mmeniomba niwaandikie jinsi maktaba yetu ilivyoanza kuazimisha baiskeli. Nimekubali, ila nitaanza na dhambi, msije mkaisikia kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi. Kwa muhula mzima wa shule nilimdanganya mwenyekiti wa kamati ya maktaba kwa kipande cha kitambaa. Wakati huo nilikuwa mzee wa kanisa. Bado ni mzee wa kanisa, kwa neema tu.

Baiskeli zilikuja kwenye lori la kaunti, kumi na moja, nyingine zina kutu na nyingine hazina pedali. Dereva alinipa karatasi nitie sahihi, akaniambia ni za wananchi, ziazimwe bure, kama vitabu. Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo yaliyoniponza. Mimi ni mtu wa kutii. Nikiambiwa kama vitabu, nafanya kama vitabu.

Nilizipa namba za rafu. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama baiskeli iko upande wa michezo au wa usafiri, kisha nikaziweka kwenye usafiri, jirani na kitabu kimoja cha reli ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiazima. Nikagundisha karatasi ya tarehe kwenye chuma cha kila moja. Mnaijua mvua ya hapa kwetu. Ilikuja mchana huohuo ikazisoma karatasi zote na hakuna iliyobaki. Baiskeli moja niliipiga muhuri wa kutotoka nje, kama tunavyofanya na kamusi kubwa. Ilisimama kati ya meza za kusomea kwa wiki mbili, na wazee wa soko la Ikonge wakawa wanapanda kilima kuja kuiketia na kusomea gazeti juu yake. Walipanga foleni. Nilipoitoa nje walinilalamikia kwamba nimeondoa kiti kizuri kuliko vyote.

Karatasi ziliposhindwa, nikahamia kwenye ngozi. Kila aliyeazima baiskeli nilimpiga muhuri wa tarehe ya kurudisha nyuma ya mkono. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwanakwaya mmoja wa Katoliki akaenda misa ya Jumapili na muhuri wangu. Padri alimsalimia mlangoni, akausoma mkono ule, akamuuliza kwa upole ni nani anayemngoja siku hiyo. Jumatatu mwanakwaya yule alinijia akiwa amesugua mkono kwa jiwe. Ndipo nikaenda kwa fundi wa masufuria, akanikatia vibati vya namba tunavyovitumia hadi leo. Kwa hiyo mkiviona vibati vile msidhani ni hekima. Ni aibu iliyopigwa nyundo ikanyooka.

Sikuzaliwa na akili ya kazi hii, nilifundishwa. Nilipokuwa kijana niliajiriwa kwenye maktaba moja mjini Kisii, chini ya mama mmoja aliyeitwa Bi. Priska. Alikuwa mfupi, Mkatoliki wa nguvu, na hakuwahi kunisamehe kwamba mimi ni wa Sabato, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku wanafunzi walipofurika na yeye akabaki peke yake kaunta. Lakini alinifundisha kunusa. Kila kitabu kilichorudi, alikifungua katikati akaweka pua. Alikuwa akisema hiki kimelala jikoni, hiki kimekaa na maziwa, hiki kimesomwa na mtu anayevuta sigara na mke wake hajui. Hakukosea. Aliniambia kitu kinachoazimwa kinarudi na habari zote za nyumba kilikotoka, na kazi ya mwenye maktaba ni kuzijua habari hizo na kunyamaza.

Nami nikajifunza kuzisoma baiskeli hivyohivyo. Matope mekundu ni ya barabara ya juu, meusi ni ya kule chini mtoni. Majani ya chai yakinasa kwenye cheni, mtu alikwenda kituo cha kupimia chai. Na keria ikiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka hata kwa sabuni, huo ni utomvu wa ndizi. Mtu anaweza kukuapia kwamba alikwenda kumwona shangazi aliyelazwa, lakini utomvu ukishakuambia alikuwa sokoni, basi. Msimkabili. Mwulizeni shangazi anaendeleaje, mwacheni ajiumbue mwenyewe.

Niliweka pia sharti kwamba kila anayechukua baiskeli achukue na kitabu. Hilo lilikuwa wazo langu na nililionea fahari. Mama Bosibori, mchuuzi wa ndizi, siku zote aliomba kitabu kinene kuliko vyote. Nilifurahi nikamtaja hata kanisani. Baada ya mwezi nikaona jalada la kitabu cha sheria lina alama ya tairi. Kumbe kila akipumzika mlimani alikuwa akikiweka nyuma ya gurudumu ili mkungu usimrudishe bondeni. Nilipomuuliza, hakuona haya hata kidogo. Aliniambia, "Mwalimu, vile vyembamba vinateleza." Wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha popote; kwetu ukivaa miwani na tai, cheo hicho unapewa bila kuomba. Nikamtafutia kipande cha gogo, na baada ya hapo akaanza kuchukua vitabu vya mapishi.

Hayo mengine ya ufundi mnayajua, lakini nitayasema kwa sababu mzee asiposema hana kazi. Kwenye mteremko shika breki ya nyuma kwanza, ya mbele iguse tu, la sivyo utaitangulia baiskeli kufika. Milima yetu haipandwi, inasukumwa. Mtu akija akijisifu kwamba ametoka mtoni hadi juu bila kushuka, mpe baiskeli mbovu. Cheni ipanguse kabla ya kuipaka mafuta, maana mafuta juu ya vumbi ni ugali. Na sketi ndefu ifungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Siku hizi mnaandikisha watu kwa simu na jina linajitokeza lenyewe, nami namshukuru Mungu kwa hilo, lakini simu haiwezi kuwaambia jambo ninalotaka kuwaambia sasa.

Kati ya baiskeli zile kumi na moja, kumi zilikuwa na chuma cha katikati, kile kinachomlazimu mtu kurusha mguu juu. Moja tu ilikuwa ya kike, chuma chake kimeinama chini, unaingia kama unavuka kizingiti. Kibati chake kilikuwa namba saba. Kwa watu wawili, hiyo ndiyo ilikuwa baiskeli pekee duniani.

Wa kwanza alikuwa Kwamboka. Aliolewa kabla ya kumaliza sekondari, akazaa watoto wawili, mumewe akaenda Narok kufanya kazi ya ujenzi. Kisha, akiwa mtu mzima, akarudi kidato cha tatu kwenye shule ya kutwa ng'ambo ya bonde, akavaa sare na sketi kama wasichana aliowazidi miaka kumi. Mwalimu mkuu alimpokea kwa sharti moja, asikose somo la kwanza. Kwamboka alikuwa anakamua ng'ombe, anawapeleka watoto kwa jirani, ndipo anaanza safari. Kwa miguu alichelewa mara mbili. Mwalimu mkuu alimwambia akichelewa mara ya tatu, kiti chake kitapewa mwingine, maana wanaokitaka wamepanga mstari nje. Alikuja kwangu siku hiyohiyo. Nilimwandikia namba saba, Jumapili jioni hadi Ijumaa, na tangu hapo hakuchelewa tena.

Wa pili alikuwa Mzee Nyamweya, mwenyekiti wetu. Alikuwa amestaafu kazi ya kiwanda cha chai, nyonga yake ya kulia ilikuwa imekataa kuinuka, na dada yake mkubwa aliishi upande wa Magwagwa. Jumapili ilikuwa siku ya kumtembelea. Kamati yetu, ambayo wengi wao ni watu wa Sabato, ilikuwa imeamua maktaba ifungwe Jumamosi na ifunguliwe Jumapili, na Wakatoliki wakawa wananung'unika huku wakija. Basi kila Jumapili asubuhi Mzee alichukua namba saba, akairudisha saa kumi alasiri.

Na Mzee Nyamweya alikuwa baba mkwe wa Kwamboka.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda mnacheka, kwa hiyo nieleze. Kwetu kuna ensoni. Ni heshima iliyochanganyika na haya, na inakaa kati ya kizazi na kizazi. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani mikono, hawataniani, na kitanda cha mmoja mwingine hakigusi. Wengi wamelegeza. Mzee Nyamweya hakulegeza hata kifungo. Mkaza mwanawe akipita njiani yeye aliangalia mashamba ya chai. Wakikutana dukani, mmoja alikumbuka kwamba chumvi ingali ipo nyumbani.

Wazee wa zamani hawakuacha neno lolote juu ya kiti cha baiskeli. Lakini sikuhitaji kuuliza. Kiti cha baiskeli si benchi. Benchi lina nafasi ya watu na nafasi ya Mungu katikati. Kiti cha baiskeli kinamjua mtu mmoja tu, na kinamjua vizuri.

Ningeweza kumwambia Mzee ukweli. Lakini nilijua, au nilidhani najua, angefanya nini. Angesema baiskeli ya mwenyekiti haiwezi kuwa ya mkaza mwanawe, na katika kikao kijacho wanawake wangeambiwa wangoje mpaka kaunti ilete nyingine, na kaunti nayo ingengoja mpaka Yesu arudi. Kwamboka angechelewa siku ya kwanza tu. Basi nikafanya linalofanywa na kila mtu wa vitabu akitaka kitu cha zamani kionekane kipya. Nilikibadilisha jalada.

Nilimwomba Kwamboka ashone kifuniko cha kiti, nikasema kiti kinararua sketi. Akaleta cha kitenge, kizuri, chekundu chenye ndege wa manjano. Mimi nikamshonesha fundi wa soko kifuniko kingine cha buluu, kitambaa cha suruali ya mzee, chenye adabu. Kibati cha namba nikakitundika kwa waya ili kitoke. Jumapili asubuhi baiskeli ilikuwa ya buluu, namba tisa, kibati cha moja ya zile zisizo na pedali. Jumapili saa kumi na moja jioni ilikuwa ya kitenge, namba saba. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja nilikuwa na saa nzima ya kupangusa, kubadilisha na kutubu.

Nilitubu kweli. Nilimwomba Mungu anisamehe kila Jumapili. Sikumwomba aniachishe, kwa sababu nilihofia angejibu.

Hali ilikuwa tamu kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu. Siku moja Mzee aliniuliza namba saba, ile ya kike ya wanawake, iko wapi, hajawahi kuiona. Nikamwambia ina kazi nyingi, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu. Akaisifu ya kwake. Alisema tangu apewe namba tisa nyonga yake inalala usingizi. Siku nyingine akasimama kanisani kwenye ushuhuda akamshukuru Mungu kwamba mkaza mwanawe amerudi shule, na kwamba kila siku anafika kabla ya kengele, kwa miguu yake mwenyewe. Waumini wakaitikia amina. Mimi nilikuwa mbele, nimekalia kiti cha wazee, nikaitikia pia. Amina ile ilinikwama kama mwiba wa samaki.

Kisha muhula ulipokaribia mwisho, nikafanya kosa. Jumapili moja asubuhi Mama Bosibori alirudisha kitabu cha mapishi ambacho mbuzi alikuwa amekula sura nzima ya maandazi, na alikuwa akidai kwamba mbuzi huyo ni wa jirani, kwa hiyo jirani ndiye aliyeazima. Wakati tunabishana, Mzee alikuwa amesimama nje na kofia yake mkononi. Nilikimbia nikatwaa kifuniko cha buluu, nikakivisha haraka, nikamuaga. Sikukumbuka kwamba Kwamboka alikuwa amerudisha baiskeli Ijumaa nikiwa naharakisha kuingia Sabato, na kitenge sikukivua. Kilibaki chini, buluu ikawa juu.

Mchana mvua ikanyesha. Ilinyesha kana kwamba mtu amefungua mlango. Saa kumi ikapita, Mzee hakuonekana. Saa kumi na moja Kwamboka akafika akiwa na mfuko wa vitabu vyake, akasimama karibu na kabati la atlasi, akauliza kama baiskeli iko tayari. Kabla sijapata uongo wa kumpa, nikasikia tairi kwenye ngazi. Mzee Nyamweya aliingia ndani ya maktaba akiisukuma baiskeli, matope yakidondoka sakafuni. Mkononi alishika kifuniko cha buluu. Alikuwa amekivua akikamue maji. Na juu ya kiti, wekundu umekolea kwa mvua, walikuwako ndege wa manjano.

Alikijua kitambaa kile. Mkewe ndiye aliyekichagua sokoni Kisii, kwa sare ya wanawake wote wa boma katika harusi ya binti yao. Kwamboka alishona kifuniko kwa mabaki ya gauni lake.

Mzee aliegemeza baiskeli kwenye meza yangu. Hakumtazama Kwamboka, na Kwamboka aliutazama mlima mmoja kwenye atlasi kama anayetaka kuununua. Kati yao kulikuwa na hatua nne na mimi.

"Mwalimu," Mzee alisema, "ulifunika kiti au ulinifunika mimi macho?"

Nilimwambia vyote viwili. Nilimweleza kila kitu, kibati, saa ya katikati, hata amina. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na huko ndiko kupigwa kwenyewe. Kisha akasema ataitisha kikao siku ya Jumanne, na kwamba kwa jinsi anavyoona, baiskeli hizi hazikuja kwa watu wenye mila. Aseme nini kwa dada yake? Kwamba kila wiki amekuwa akienda kumwona akiwa amekalia ensoni?

Hapo ndipo Kwamboka alipozungumza. Hakuzungumza naye. Alizungumza nami, kwa sauti ambayo hata mtu wa barabarani angeisikia.

"Mwalimu, naomba umwambie tata kwamba hukunidanganya mimi. Nilijua tangu wiki ya pili."

Nikageuka kwa Mzee, maana kwetu tata ni baba, nikarudia, ingawa alikuwa na masikio.

"Muulize alijuaje," Mzee alisema.

"Mwambie kiti kilikuwa kinanukia dawa ya kuchua nyonga. Kule kwetu kuna nyonga moja tu inayotumia dawa hiyo."

Mimi niliyefundishwa kunusa na Bi. Priska nilikuwa nimepangusa kiti kile kila wiki, na sikusikia harufu yoyote. Nilikuwa na shughuli nyingi za kuwa mjanja.

Mzee alipangusa uso. Maji yalikuwa yakimtoka kofiani. "Muulize kwa nini alijua na akaendelea kukalia."

Safari hii sikuwa na haja ya kurudia, lakini nilirudia, kwa sababu heshima ni heshima.

"Mwambie tata, nilipiga hesabu. Nikikalia nitaona haya njia nzima. Nisipokalia nitafika shuleni chai ya saa nne, na mwalimu mkuu ameshasema kiti changu cha darasani kina wenyewe. Nikasema afadhali haya. Haya ina dawa. Na mwambie kama nimemkosea, anisamehe, lakini kesho ni Jumatatu na sina njia nyingine."

"Shuleni hufika saa ngapi?" Mzee alinong'ona, na akawa amesahau kusema muulize.

"Kabla ya kengele," nikajibu mimi, maana hilo hata yeye alilijua, alilitolea ushuhuda.

Nilimwona Mzee akiupitia upya ushuhuda wake mwenyewe, akiondoa pale aliposema kwa miguu na kuweka linalostahili. Alikuwa amejisifu kwa mwendo ambao nusu yake ilikuwa kazi ya baiskeli aliyoiketia yeye mwenyewe. Nami nikaona kwamba muhula mzima nilikuwa nikiuficha ukweli kwa mtu niliyemdhania mdogo kuliko alivyo.

"Una spana?" akaniuliza.

Nilimpa. Aliinama kwa shida, nyonga ikilia, akafungua nati ya chini ya kiti. Nilitaka kumsaidia, akanikazia jicho. Alivuta kiti na mlingoti wake wote, kikatoka kama jino. Akakipangusa kwa kifuniko cha buluu, akakirudishia kitenge vizuri, akavuta pembe zake zikae sawa. Akakiweka mezani mbele yangu.

"Mna daftari," alisema. "Andika. Kiti hiki kimeazimwa na mtu aliyesimama pale kwenye kabati. Tarehe ya kurudisha, siku atakayomaliza kidato cha nne. Kila Ijumaa arudishe baiskeli, kiti akae nacho. Asikiache hapa, maana huyu mwenye maktaba hana mikono misafi."

"Na wewe, Mzee?" nikauliza. "Jumapili utakalia nini?"

"Nimekaa miaka thelathini kwenye kiti cha kiwanda. Nyonga hii haitaki kurushwa, haijasema haitaki kusimama." Kisha akatazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, akasema, "Na anayekwenda shule kesho aende mapema. Barabara ya juu ina utelezi."

"Asante, tata," Kwamboka aliiambia atlasi.

Jumanne kamati ilikutana. Mjumbe mmoja aliuliza kama huduma ya baiskeli ina tatizo lolote. Mwenyekiti alisema mwenye maktaba ataongoza sala ya kufungua, na ya kufunga, na za vikao sita vifuatavyo, kwa kuwa ana mengi ya kuzungumza na Mungu. Hakuna aliyeelewa. Hata sikukata rufani.

Jumapili iliyofuata nilifungua mapema. Kwamboka alikuwa ameshaiacha baiskeli Ijumaa, na Sabato nilimwona kanisani akiwa na kikapu, na ndani ya kikapu, chini ya kitabu cha nyimbo, mlingoti wa kiti umechungulia. Wanawake waliokuwa karibu naye walidhani ni mchi. Mzee alifika na kofia yake. Nilimletea baiskeli isiyo na kiti, tundu lake nimelizibia gunzi la mahindi mvua isiingie. Aliingia kama anavuka kizingiti, akashika usukani, akakanyaga pedali, akasimama.

Mnaijua barabara inayoshuka kutoka kwetu kuelekea Magwagwa, chai kushoto na chai kulia. Wachumaji walikuwa mashambani, maana kwa wa Sabato Jumapili ni siku ya kazi. Wakamwona mwenyekiti wa kamati ya maktaba, mzee wa boma, mwenye koti na tai, anateremka wima kama mtu aliyesimamishwa kuongoza wimbo. Hakuketi. Hapakuwa na mahali pa kuketi. Kwanza wakanyamaza kwa heshima. Kisha mama mmoja akapiga kigelegele, na shamba zima likamfuata, kilima hadi kilima, naye akainua kofia bila kuachia breki ya nyuma.

Kwamboka alikuwa juu ya ukingo wa shamba la jirani, na kikapu cha majani ya chai mgongoni. Alipomwona baba mkwe wake anakuja aligeuza uso, kama inavyompasa, akaitazama miche iliyokuwa mbele yake. Mzee alimpita akitazama mbele, kama inavyompasa naye. Lakini mimi nilikuwa ngazini, naona pande zote mbili, na niliyaona mabega ya Kwamboka yakitikisika kwa kicheko, na nilimwona Mzee, alipofika kwenye kona ambapo alidhani hakuna anayemwona, akipiga kengele mara mbili.